Ukitaka Mimea Iishi Kwenye Tangi la Samaki, Tazama Jani Jipya

Mimea ya tangini huvunja moyo kwa mtindo uleule karibu kila nyumba. Unatoka dukani na vifuko viwili vitatu vya majani mabichi, unayapanda jioni, na usiku huo sebule nzima inapendeza. Siku kumi baadaye majani yameanza kuwa na rangi ya chai na yanateleza ukiyagusa. Wiki ya tatu kioo kimeshikwa na mwani. Haufiki mwezi wa pili kabla mwenye tangi hajarudi kwenye mimea ya plastiki, akiamini kuwa mimea haimpendi.

Natunza matangi yenye mimea Dar es Salaam, kwenye maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na joto ambalo maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya hayalizungumzii. Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: usiuhukumu mmea kwa jani la zamani, uhukumu kwa jani jipya. Jani la zamani liliota kwenye maji mengine na mwanga mwingine, na mara nyingi liliota nje ya maji kabisa. Jani jipya ndilo lililozaliwa kwako, kwa hiyo ndilo linalosema kama tangi lako linafaa. Hatua zote zinazofuata zinalenga kulifikia jani hilo jipya kabla uvumilivu haujakuishia.

Hatua ya 1: Yajue maji yako

Kabla hujanunua mmea wowote, jiulize maji yako yanatoka wapi. Ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa na Zanzibar hadi Dar es Salaam, umekaa juu ya miamba ya matumbawe, na visima vingi huku hutoa maji yenye chokaa nyingi. Ukiona utando mweupe ndani ya birika la kuchemshia maji ya chai, jibu umeshalipata. Nairobi ni kinyume chake: maji mengi ya bomba yanatoka kwenye mito ya milima ya Aberdare, nayo ni laini. Kisima chenye ladha ya chumvi kiache kabisa, maana mimea michache sana itavumilia.

Maji magumu si laana. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH (kipimo cha uasidi na ualkali) inayokaribia 9, na bado mmea uitwao Vallisneria unaota humo kwa wingi. Unachotakiwa ni kuchagua mimea inayoyakubali, na kutoongeza ugumu mwingine juu yake. Hapo ndipo watu wa pwani wanapoharibu. Wanaokota makombe na mawe ya matumbawe ufukweni kwa sababu yanapendeza, wanayaweka tangini, nayo yanayeyusha chokaa kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi. Jiwe lolote lipime kwanza: lidondoshee siki au limau. Likitoa povu, libaki bustanini.

Kama unataka kuyalainisha maji, usinunue dawa. Kinga maji ya mvua baada ya mvua za kwanza kuosha bati, kisha changanya nusu kwa nusu na maji yako. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kuyamimina tangini.

Hatua ya 2: Chagua mimea migumu, na ukatae mingine

Duka la samaki linauza kinachouzika, na baadhi ya mimea inayowekwa kwenye maji pale dukani si ya majini hata kidogo. Ule "mwanzi wa bahati", ambao kwa kweli ni Dracaena, utaoza ukizamishwa wote. Vivyo hivyo Syngonium, Caladium na Hemigraphis ya zambarau. Mimea hii huchukua wiki kadhaa kufa, kwa hiyo inapoanza kuoza hakuna anayekumbuka kulilaumu duka, kila mtu anajilaumu mwenyewe. Dalili ya kukusaidia: mmea wa nchi kavu huwa na shina gumu linalosimama lenyewe ukiutoa majini. Mingi ya majini hulegea na kulala kiganjani. Anubias ni mojawapo ya zile chache zisizofuata dalili hii, kwa sababu porini huishi kingoni mwa vijito, nusu ndani nusu nje.

Kwa anayeanza, ningechukua hii na nisiongeze mwingine kwa miezi mitatu:

Anubias, hasa ile fupi inayoitwa nana. Asili yake ni Afrika ya Kati na Magharibi. Haihitaji mwanga mwingi, joto la Dar haliisumbui, na majani yake ni magumu kiasi kwamba samaki wengi huyaacha.

Kangaga la Java (Java fern), na mosi ya Java (Java moss), ambazo hufungwa kwenye mti au jiwe.

Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe. Hii ndiyo bingwa wa maji magumu, na kuna sababu. Hewa ya ukaa iliyoyeyuka kwenye maji ya kawaida ya tangi ni kidogo mno, karibu nusu miligramu tu kwa lita. Mimea mingi inaitegemea hiyo hiyo. Vallisneria ina uwezo wa kuchota kaboni kutoka kwenye bikaboneti, na bikaboneti ndiyo imejaa kwenye maji yetu ya chokaa. Maji yanayoiua njaa mimea mingine, kwake ni ghala.

Ceratophyllum, mmea usio na mizizi unaoelea. Nao unatumia bikaboneti, unakua haraka sana, na unanyang'anya mwani chakula. Wiki za mwanzo huu ndio mmea muhimu kuliko wote tangini, japo hauna sura ya kumvutia mgeni.

Cryptocoryne wendtii, kwa wenye subira. Nitaieleza zaidi kwenye hatua ya 7.

Mimea myekundu na ile mifupi inayotandaa chini kama zulia iache. Inataka mwanga mkali na hewa ya ukaa ya kuongezwa, na bila hivyo viwili utakuwa unanunua mwani kwa bei ya mmea.

Hatua ya 3: Safisha kabla ya kuingiza, hasa kama mmea umetoka ziwani

Hapa naomba usome polepole. Watu wa Mwanza, Kisumu, Kigoma, Entebbe na popote penye ziwa au mto wana kishawishi cha kwenda kung'oa mimea ya bure. Vallisneria na Ceratophyllum zipo, tena nzuri. Lakini kwenye mimea hiyohiyo ndiko wanakoishi konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus, wanaobeba vimelea vya kichocho. Konokono aliyeambukizwa anaweza kuendelea kumwaga vimelea majini kwa wiki na miezi, navyo hupenya ngozi ya mkono wako unapopanga mawe tangini. Biomphalaria ana gamba bapa lililojiviringisha, na anafanana mno na konokono wa mapambo wanaouzwa madukani. Kwa macho tu usijiamini kuwatofautisha.

Kwa hiyo: usiingie majini kung'oa mimea. Kama umeletewa, vaa glavu za mpira ndefu na fuata mpangilio huu.

Ondoa kila konokono na kila kijidoa cha mayai chenye utomvu unaoonekana chini ya majani. Chovya mimea migumu kama Anubias kwenye maji yaliyochanganywa na klorini ya kufulia nguo nyeupe isiyo na manukato: sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 19 za maji, dakika 2 tu, kisha suuza kwenye ndoo mbili za maji safi. Vallisneria, Ceratophyllum na mosi haziwezi kuhimili klorini hiyo. Hizo ziloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4, saa 2 hadi 3, na usuuze. Baada ya hapo ziweke kwenye ndoo peke yake, bila samaki, bila konokono, na usitie mkono mtupu humo. Vimelea vilivyokwisha kutoka kwenye konokono havidumu zaidi ya siku mbili hivi majini bila kumpata mtu. Mayai ya konokono, hata hivyo, yanaweza kuiponyoka shabu, kwa hiyo kaa na ndoo hiyo wiki tatu nzima, ukimtoa kila konokono mdogo anayejitokeza kabla hajakua.

Ukiniuliza mimi, mimea ya ziwani haistahili hatari hiyo wakati shina moja la Ceratophyllum kutoka kwenye tangi la rafiki linajaza ndoo ndani ya miezi miwili. Mimea ya dukani nayo isuuze na uikague, lakini wale konokono wadogo waliozaliwa matangini vizazi na vizazi hawana kichocho. Watakula majani yaliyooza na mabaki ya chakula. Wakizidi, ni ishara kwamba unawalisha samaki kupita kiasi.

Hatua ya 4: Tandiko la chini

Mchanga wa mtoni wa wajenzi, ule wa chembe za milimita 1 hadi 3, unatosha kabisa na ni wa bei ya chini. Uoshe mpaka maji ya ndoo yatoke safi. Mchanga laini kama unga unagandamana na kuinyima mizizi oksijeni. Wa ufukweni una vipande vya makombe, na tumeshasema habari yake.

Kama umechagua Anubias, kangaga, mosi na Ceratophyllum peke yake, chini hakuna cha kulisha, na mchanga mtupu wa sentimita 3 unatosha. Vallisneria na Cryptocoryne hula kwa mizizi. Kwa hizo tandika kwanza udongo wa shamba wa sentimita 2, uliochekechwa, usio na samadi mbichi wala mbolea ya dukani. Uloweke, umwage maji ya juu, urudie mara kadhaa kwa siku chache, halafu ndipo uutandaze na kuufunika kwa mchanga wa sentimita 3 au 4. Udongo mwekundu una chuma kingi na mimea inaufurahia. Ubaya wake ni mmoja: ukichokonoachokonoa, tangi zima linakuwa matope. Amua mapema mmea gani unakaa wapi.

Hatua ya 5: Kila mmea na namna yake ya kupandwa

Kosa linaloua Anubias nyingi kuliko ugonjwa wowote ni kuifukia. Ukiishika Anubias utaona shina nene la kijani linalolala, mfano wa tangawizi, majani yakitokea juu na mizizi chini. Shina hilo likizikwa mchangani linaoza. Libonyeze kwa kidole gumba kabla ya kununua: likiwa gumu, zima, likiwa laini na linanuka, hata majani yawe mabichi namna gani, mmea huo umeshakufa na haujui. Ukikuta laini sehemu tu, kata kwa wembe safi mpaka ufike penye rangi ya kijani au nyeupe iliyokaza.

Kuifunga ni kazi ya dakika tano. Chukua jiwe au kipande cha mti kilichozama, laza shina juu yake, zungusha uzi mweusi wa pamba mara tatu nne kati ya majani, kaza bila kukata ngozi ya shina, funga fundo kwa chini. Uzi wa pamba utaoza baada ya wiki kadhaa, wakati huo mizizi imeshalishika jiwe. Asiyependa uzi atumie tone la supaglu: inaganda hata penye unyevu na haiwadhuru samaki ikishakauka. Kangaga na mosi ni vivyo hivyo.

Vallisneria punguza mizizi ibaki sentimita 3, panda, kisha uivute juu kidogo mpaka sehemu nyeupe inapoanzia majani ionekane juu ya mchanga. Ikizama zaidi ya hapo inaoza katikati. Usikate ncha za majani yake kwa ajili ya urefu siku ya kwanza, maana jani lililokatwa huoza kuelekea chini. Ceratophyllum iachie ielee.

Hatua ya 6: Taa

Mtu akiona mmea unadhoofika, kitu cha kwanza anachofanya ni kuongeza taa. Karibu kila mara hilo ndilo linaloleta mwani. Mwanga unaamrisha mmea kula, na mmea usio na chakula wala hewa ya ukaa ya kutosha hauwezi kutii amri hiyo. Mwani unaweza, kwa sababu unahitaji kidogo sana.

Kwa tangi la lita 100 hivi, la sentimita 80 kwa 35 kwa 40, taa ya LED ya wati 10 hadi 15 yenye mwanga mweupe wa mchana, inayoandikwa 6500K kwenye boksi, inatosha kwa mimea yote niliyoitaja. Hata taa bapa za nje za mafundi umeme zinafaa, mradi ziinuliwe juu ya maji na waya wake ushushwe chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda tena, ili tone likiteremka lisiingie kwenye umeme.

Anza na saa 6 kwa siku, na uzikabidhi kwa taima. Saa nane mchana hadi saa mbili usiku inawafaa wengi, kwa kuwa ndipo watu wanaporudi nyumbani na kuliona tangi. Ukitimiza miezi miwili bila mwani unaweza kufika saa 8, na hakuna sababu ya kuvuka hapo. Tangi lisikae linapopigwa na jua la dirishani. Saa mbili za jua la Februari zinafuta nidhamu yote ya taima.

Hatua ya 7: Wiki sita za kutokuchokonoa

Hii ndiyo hatua ngumu. Mashamba mengi ya mimea ya tangini huotesha mimea hewani, kwenye unyevu mwingi, majani yakiwa nje na mizizi tu majini. Inakua haraka na mwani hauishiki. Ukiizamisha kwako, yale majani ya hewani hayana tena kazi. Mmea unayaacha yafe, unavuta ulichoweza kuvuta humo, unatoa mapya yaliyo laini na membamba zaidi, yanayofaa majini.

Cryptocoryne huifanya kazi hii kwa ukali wa kutisha. Unaamka asubuhi unakuta jani lililokuwa la kahawia na kijani limekuwa angavu, unaona vidole vyako upande wa pili, na ukiligusa linaachana na kikonyo. Ndani ya siku nne hakijabaki kitu juu ya mchanga. Hapo watu wengi wanang'oa mzizi na kuutupa, na mzizi huo ulikuwa mzima. Kata majani yaliyooza kwa mkasi karibu na mchanga, uyatoe tangini yasichafue maji, kisha uondoke. Kati ya wiki ya pili na ya nne utaona ncha ndogo, mara nyingi ya rangi ya hudhurungi, ikitokeza palepale. Hilo ndilo jani lako jipya. Ukihamisha mmea huo sasa, yote yataanza upya.

Wakati huohuo bakteria wa tangi nao wanajijenga. Kinyesi cha samaki kinatoa amonia, kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitraiti, lingine nitraiti kuwa nitreti ambayo mimea inakula. Kujengeka kwao huchukua wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo tia samaki wachache, lisha kidogo mara moja kwa siku, badilisha theluthi moja ya maji kila wiki. Sponji ya filta isuuze kwenye maji ya tangi yaliyotolewa, usiioshe bombani, klorini itawaua bakteria uliowangoja mwezi mzima.

Hatua ya 8: Chakula

Jani jipya likitoka, lisome. Majani ya zamani yakiwa manjano kuanzia ncha na mapya yakiwa mabichi, mmea unakosa naitrojeni na unajila wenyewe. Majani ya zamani yakitoboka vitundu vidogo vinavyopanuka na kuzungukwa na manjano, ni potasiamu. Majani mapya yakitoka meupe au manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, ni chuma. Majani mapya yakijikunja na kudumaa, angalia kalisi, ingawa hilo ni la watu wa maji laini ya Nairobi kuliko la pwani.

Samaki wenyewe wanaleta naitrojeni na fosforasi kupitia chakula chao. Kinachokosekana kwanza kwa kawaida ni potasiamu na chuma. Mbolea maalumu za tangi zipo na ni nzuri, lakini bei yake inachekesha ukilinganisha na kilichomo. Kwenye duka la pembejeo omba potasiamu nitreti safi inayoyeyuka, ile ya wakulima wa kwenye vitalu nyumba. Gramu 1 kwenye lita 100 inaongeza miligramu 6 hivi za nitreti kwa lita, pamoja na karibu miligramu 4 za potasiamu. Mara moja kwa wiki baada ya kubadilisha maji inatosha tangi lisilo na samaki wengi. Tangi lenye samaki wengi lina nitreti tayari, hivyo tumia potasiamu salfeti badala yake.

Usidanganyike kutia urea wala chembe za NPK za mahindi. Zina amonia, au zinageuka kuwa amonia, na kwenye maji yetu yenye pH ya juu amonia inaua samaki usiku mmoja.

Chuma kina ujanja wake. Chuma cha mbolea hufungwa kwa kemikali inayokishika kisigande. Kilichofungwa kwa EDTA kinaachia na kuganda pH ikipita 7 hivi, kwa hiyo kwenye maji magumu unatia na mmea haukipati. Tafuta kilichoandikwa DTPA.

Hewa ya ukaa ya nyumbani, chupa ya sukari na hamira, inafanya kazi: chupa ya lita 1.5, kikombe cha sukari, maji ya uvuguvugu mpaka theluthi mbili, nusu kijiko cha chai cha hamira, mpira kutoka kizibo hadi tangini ukipitia chupa ndogo ya kukamatia povu. Hudumu wiki mbili, pungufu kwenye joto. Kamwe usiifunge bila njia ya hewa, itapasuka. Kwa mimea niliyoipendekeza, sioni haja. Haiwezi kuzimwa usiku, na mchana huu ni nyingi, kesho kidogo. Huko kuyumba kunakaribisha ule mwani mweusi wa ndevu. Vilevile ile "kaboni ya maji" inayouzwa kwenye chupa mara nyingi ni glutaraldehaidi, dawa ya kutakasia vifaa vya hospitali. Vallisneria ikiipata huyeyuka.

Hatua ya 9: Mwani ukija

Utakuja. Vumbi la kahawia kwenye kioo na majani mwezi wa kwanza ni diatomu. Lifute kwa kidole, litaisha lenyewe. Maji yakiwa ya kijani kama supu, zima taa, funika tangi kwa blanketi siku 3 au 4, ukiacha filta na hewa vikiendelea. Utando wa kijani cha bluu unaobanduka vipande vipande na kunuka si mwani bali bakteria. Ufyonze kwa mpira, fanya giza la siku 3, na uelekeze mkondo wa filta pale ulipoanzia.

Ule mweusi wa ndevu, unaong'ang'ania kingo za majani ya Anubias, ndio unaokatisha tamaa kweli. Hautoki kwa kusugua. Jani lililoshikwa vibaya likate. Lililoshikwa kidogo, zima filta, chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa kwenye bomba la sindano, isiyozidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi, uitoe polepole juu ya ndevu zenyewe. Ngoja dakika 10, washa filta. Baada ya siku mbili tatu ndevu hugeuka waridi, maana yake zimekufa. Usiielekeze kwenye mosi. Kisha punguza saa moja ya taa, maana bila hivyo zitarudi.

Samaki, joto na umeme

Samaki wa dhahabu wanakula mimea. Perege na sato pia, na mbuna wa Ziwa Nyasa huchimba kila kilichopandwa. Kwa hao, Anubias iliyofungwa kwenye jiwe kubwa, au mizizi ya mani planti ikining'inia majini huku majani yake yakiwa nje juu ya tangi. Inafyonza nitreti vizuri sana na hakuna mwani unaoigusa. Gapi, plati na tetra wanaishi na mimea kwa amani.

Kuanzia Desemba hadi Machi maji ya tangi Dar yanafika nyuzi 30 na zaidi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 hadi 4 kwa kuyakausha. Yanayopungua yajazie kwa maji ya mvua, kwa kuwa chokaa haikauki pamoja na maji, inabaki na kukolea. Umeme ukikatika, mimea itavumilia siku mbili tatu za giza bila shida. Wasioweza kungoja ni samaki, kwa sababu gizani mimea nayo inavuta oksijeni. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu. Filta ya kopo lililofungwa ikilala kwa saa nyingi, ifungue uisuuze kabla ya kuiwasha, la sivyo itamwaga uchafu uliooza kwa samaki wako.

Kupogoa na kutupa

Mambo yakienda vizuri, tatizo litageuka kuwa mimea mingi mno. Vallisneria hutoa vitawi vya chini na kuhamia tangi zima. Kata kitawi mche ukishafikisha majani manne, uupande utakapo au umpe mwenzako. Ceratophyllum ipunguze nusu kila wiki mbili. Anubias igawe ikiwa shina lina majani yasiyopungua manne kila upande.

Ziada usiitupe mtaroni, mtoni wala ziwani, hata kipande. Gugu maji lililoziba ghuba za Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitoka Amerika Kusini likiwa ua la mapambo, na Salvinia, mmea mwingine unaoelea, iliyoenea Ziwa Naivasha nayo ni mgeni kutoka bara hilohilo. Tandaza mimea yako kwenye bati juani siku mbili, ikikauka ukaifukie shambani chini ya migomba.